Kusomea Uislamu Chuo Kikuu Si Kazi ya Shehe Peke Yake

Wahenga walituambia kwamba elimu haina mwisho. Hawakutuambia kwamba elimu haina gharama. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini, mtoto anapopata shahada ya kwanza, wazazi hushusha pumzi na kusema: sasa mzigo umefika kituoni. Mara huyo mtoto huja na karatasi nyingine mkononi, akasema kwamba anataka shahada ya pili. Hapo ndipo mkutano wa familia huitishwa, na aghalabu huwa mrefu.

Nimepokea barua ya mzazi mmoja, fundi wa mitambo katika kiwanda, ambaye binti yake amemaliza shahada ya historia. Binti amepata nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo asomee shahada ya uzamili katika taaluma za Kiislamu pamoja na taaluma za kanda. Baba huyu ana watoto wengine wawili shuleni. Ananiuliza maswali matatu. La kwanza, binti huyu anakwenda kuwa nani, kwa kuwa shehe hawi? La pili, inakuwaje dini yetu ifundishwe na watu ambao wengine wao hawaiamini? La tatu, nani atabeba gharama, na mwisho wake ni mkate gani? Nimeona maswali haya si ya nyumba moja, nami nayajibu hadharani.

Tuanze na la kwanza. Shehe hupata elimu yake kwa kukaa mbele ya mwalimu, akasoma kitabu hadi kikaisha, kisha akapewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu kile. Mwalimu wake naye alipewa na mwalimu wake, na hivyo mnyororo ukaendelea nyuma vizazi kwa vizazi. Kazi ya shehe ni kuwaongoza waumini. Mwanafunzi wa chuo kikuu hapewi idhini hiyo, wala hana haki ya kutoa fatwa kwa sababu ya joho alilovaa siku ya mahafali. Yeye hufundishwa kuuliza: kitabu hiki kiliandikwa lini, na nani, kwa ajili ya watu gani, na watu hao waliishi vipi?

Hata hivyo kazi hizi mbili si maadui. Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, alikuwa mwalimu, mshairi na Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1969, na imo katika nyumba nyingi za msomaji wa ukurasa huu. Lakini shehe huyo huyo aliandika pia kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika: nani alisoma kwa nani, alisafiri wapi, alifariki lini. Mwaka 1989 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza nchini Marekani, na hadi leo mtafiti wa historia ya Uislamu katika pwani yetu hawezi kukipita bila kukifungua. Basi shehe alichimba kisima, na mwanachuo akaja na ndoo.

Sasa tutazame ndoo yenyewe. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, kwa mtindo wa hati unaoitwa Kufi. Maandishi hayo yanataja mwaka 500 wa Hijra. Mwaka wa Hijra hufuata mwezi, una siku zipatazo 354, kwa hiyo ni mfupi kuliko mwaka wa jua. Ukizidisha 500 kwa 0.97, kisha ukaongeza 622, unapata 1107. Msikiti huo huo una maandishi mengine ya mwaka 1184 wa Hijra. Fanya hesabu ile ile utapata 1770, wakati ulipojengwa upya. Hesabu hii anaiweza mtoto wa shule. Yanayofuata ndiyo yanayohitaji chuo: kwa nini hati ile inafanana na hati za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi? Nani alichonga? Watu wa pwani walikuwa na uhusiano gani na ng'ambo ya bahari miaka zaidi ya 900 iliyopita? Ili kujibu, mwanafunzi lazima ajue Kiarabu, ajue historia ya Uislamu, na aijue kanda nzima ya Bahari ya Hindi. Hiyo ndiyo maana ya kuunganisha taaluma za Kiislamu na taaluma za kanda.

Mfano wa pili unahusu lugha yetu wenyewe. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu hakina p, na waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ya b mahali pa p, na hata mahali pa mb. Tena alama moja ya irabu ilitosha kwa e na i. Matokeo yake, neno "pembe" na neno "bibi" huweza kuandikwa kwa sura moja. Msomaji akikuta neno hilo katika utenzi, hana budi kuamua kwa maana ya ubeti, kwa mizani na kwa vina, kama mshairi alikuwa akimtaja mama mtu mzima au meno ya tembo. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi atahangaika. Mtoto aliyelelewa na nyanya wa pwani anaweza kucheka na kupata jibu papo hapo.

Hili latufikisha kwenye swali la pili, ambalo ni zito. Baba huyu ana haki ya kuogopa. Taaluma hizi zilipoanzishwa Ulaya, aghalabu hazikuanzishwa kwa mapenzi. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilienea katika pwani ya koloni la Wajerumani, nayo iliwaita Waislamu watubu. Watawala waliingiwa na wasiwasi mkubwa. Mwaka huo huo ilifunguliwa Taasisi ya Kikoloni huko Hamburg, na mwalimu wake, Carl Heinrich Becker, akachapisha mwaka 1911 maandishi marefu juu ya Uislamu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Serikali ilitaka kumjua Mwislamu ili iweze kumtawala. Waingereza nao walianzisha chuo chao cha taaluma za Mashariki jijini London mwaka 1916, na neno "Afrika" likaongezwa katika jina lake mwaka 1938. Wamarekani walipitisha sheria mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Warusi kurusha chombo chao angani, ili kugharamia masomo ya lugha na kanda za dunia kwa sababu za ulinzi. Edward Said, Mpalestina aliyefundisha New York, aliandika kitabu mwaka 1978 kuonyesha jinsi elimu ya namna hiyo ilivyokwenda sambamba na utawala. Leo mwanafunzi wa taaluma hizi husomeshwa kitabu hicho darasani, katika vyuo vile vile vilivyokosolewa.

Je, kwa kuwa nyumba ilijengwa na mtu asiyetutakia mema, tukatae kuingia? Mimi nasema tuingie, tukiwa macho. Ndani ya nyumba hizo zimo karatasi zetu. Maktaba ya chuo kile cha London ina miswada mingi ya tenzi za Kiswahili iliyokusanywa Lamu, Mombasa na kwingineko. Na wako wenzetu waliotangulia. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1971 juu ya uchumi wa Zanzibar, akarudi kufundisha, na mwaka 1987 kikatoka kitabu chake juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu. Alitumia nyaraka za wageni, lakini maswali yalikuwa ya mtu wa nyumbani. Kuhusu imani, chuo hakina mizani ya kupimia imani ya mtu. Binti aliyelelewa vizuri atasikia hoja ngumu, atazijibu au atazifikiri, na sala zake zitabaki kati yake na Mola wake.

Tena asidhani mtu kwamba njia ni moja tu ya Ulaya. Al-Azhar ya Kairo, iliyoanza kujengwa mwaka 970, iliongezewa vitivo vya elimu za kisasa kwa sheria ya mwaka 1961. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988. Visiwani Zanzibar kuna vyuo vikuu, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada ya Kiswahili ambayo wageni husafiri kuja kuisoma. Kila mlango una faida yake na bei yake.

Na sasa swali la mkate. Uingereza shahada hii kwa kawaida huchukua mwaka mmoja wa kusoma kwa siku zote, na sehemu kubwa ya miezi ya mwisho huenda kwenye tasnifu. Huku kwetu aghalabu huchukua karibu miaka miwili. Mwaka mmoja unaonekana nafuu, lakini karo ya ng'ambo na kodi ya chumba ni mzigo ambao mshahara wa fundi hauwezi kuubeba. Kwa hiyo nasema wazi: mzazi asiuze nyumba wala kiwanja kwa ajili ya shahada ya pili, na ada ya wadogo isiguswe. Binti aombe ufadhili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola umekuwapo tangu mwaka 1959, na yapo mashirika mengine ya serikali za nje yanayolipa karo, nauli na posho. Akikosa mwaka huu, chuo kiombwe kimwekee nafasi, yeye afanye kazi na kuomba tena.

Kabla ya kutia sahihi, familia iulize mambo manne. Je, shahada ya chuo hicho inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Je, kinafundisha Kiarabu tangu hatua ya chini, au kinamtaka mwanafunzi ajue tayari? Wengi wetu tulihitimu chuoni kwa shehe tukiwa hodari wa kuzitamka aya, lakini nahau na msamiati hatukuvipata. Asione haya kuanza upya. Je, yuko mwalimu anayeijua Afrika Mashariki, au wote ni wa Misri na Uajemi? Na mwisho, atarudi kuandika nini?

Hilo la mwisho ndilo roho ya shauri langu. Shahada hii peke yake haimpi mtu cheo. Humfungulia njia ya ualimu, nyaraka za taifa, makumbusho, ubalozi na uandishi wa habari, lakini anayeajiriwa ni yule mwenye jambo analolijua kuliko wengine. Mambo hayo yamejaa kwetu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni mali ya wakfu: nani aliziweka wakfu, kwa ajili ya nani, na wapangaji wa leo wana haki gani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na desturi za Kiislamu hukutana vipi katika nyumba za Magomeni na Temeke mume anapotoa talaka au anapokufa na kuacha nyumba moja na watoto wa mama wawili? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa mahakama za kadhi nafasi yake. Hukumu zake zinafundisha nini? Maswali haya yanamgusa mama wa nyumbani kabla ya kumgusa profesa.

Wakati hautungoji. Katika masanduku ya majumbani, kutoka Lamu hadi Kilwa, mna karatasi zinazoliwa na mchwa na unyevu wa chumvi. Wazee wanaoweza kuzisoma kwa sauti wanatutoka mmoja mmoja, na kila anayezikwa anakwenda na vina ambavyo hakuna kamusi itakayovirudisha. Mtu akituandikia historia yetu kwa sababu sisi tulikataa kuisomea, tusimlaumu kwa makosa yake.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya vijana wanaofanya kazi mchana na kusoma jioni, na jinsi jamaa wanavyoweza kuwasaidia bila kuwadekeza. Hadi hapo, nawatakieni wiki njema.