Wazee wa Bodo, andikeni wasia

Mzee akifariki hapa Bodo, Kwale, maziko hayachelewi. Kinachochelewa ni mirathi. Shamba la minazi na mikorosho hubaki kwa jina la marehemu mwaka baada ya mwaka, hati imefungiwa kwa kaka mkubwa, na mashua inaendelea kwenda baharini huku mapato yake akiyajua aliyeishika peke yake. Siku dalali anapokuja na fedha mkononi, ndipo ukoo unapokumbuka kwamba kuna warithi. Wa kwanza kuumia ni watoto wadogo, maana wao hawaitwi kikaoni.

Si kwamba sheria haipo. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimempa kadhi mamlaka ya kuamua mirathi, mradi pande zote ziwe Waislamu na zikubali kusikilizwa mbele yake. Mafungu nayo yanajulikana hata madrasa: mke mwenye watoto ana thumuni, mtoto wa kiume ana mara mbili ya wa kike. Lakini kuna mtoto ambaye hesabu hiyo haimfikii, naye si mgeni katika vijiji vya wavuvi.

Chukua mfano wa mzee mwenye ekari 12. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mwanawe mwingine wa kiume alifariki kabla yake, akaacha watoto watatu wanaolelewa hapo hapo kwa babu. Deni na gharama za maziko zikishalipwa, mke anapata ekari moja na nusu, kijana ekari 7, binti tatu na nusu. Wajukuu watatu hawapati hata mnazi mmoja, kwa sababu ami yao yuko hai na amewazuia. Kadhi hana kosa. Ndivyo mafungu yalivyo.

Aliyekosea ni babu. Sharia ilimwachia theluthi ya mali yake aiusie kwa mtu asiye mrithi, bila kumwomba mtu ruhusa. Angeandika mstari mmoja mbele ya mashahidi wawili, ekari 4 zingekuwa za mayatima kabla ya wengine kugawana. Misri iliona wazee wengi wanasahau, na mwaka 1946 ikatunga sheria kwamba babu asipoandika, wajukuu wa namna hiyo wahesabiwe kuwa wameusiwa. Kenya haina sheria hiyo, kwa hiyo kalamu ya mzee ndiyo tegemeo lao.

Zamani Wadigo wa Kwale walirithiana upande wa mama, mali ya mjomba ikaenda kwa mtoto wa dada yake, na mvutano kati ya mpwa na mwana uliwasumbua wazee na maofisa wa kikoloni kwa miaka mingi. Hatuutaki urudi. Hata hivyo, yatima wa wakati ule alijua ana mjomba. Wa leo mara nyingi ana ami mwenye hati kabatini.

Mtoto wa pili anayeachwa ni aliyezaliwa nje ya ndoa. Tarehe 30 Juni 2025, katika kesi iliyoanzia Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto wa namna hiyo hawezi kunyimwa urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu tu wazazi hawakuoana. Wapo mashehe walioukataa uamuzi huo kwa nguvu, na wapo mawakili walioupokea kwa furaha. Sisi tunatazama kalenda. Baba katika kesi ile alifariki mwaka 2015. Watoto walingoja karibu miaka 10 kusikia kama ni watoto wa baba yao. Kwa sharia mtoto huyo si mrithi wa baba, na kwa sababu hiyo hiyo theluthi inaweza kuwa yake. Baba anayemjua mwanawe anaweza kumaliza ugomvi huu akiwa hai, na hakuna shehe wala jaji atakayempinga.

Wengine husema, mimi nitatoa hiba, nimwambie tu kijana shamba hili ni lako. Hiba isiyokabidhiwa ni maneno. Kama shamba lina hati, jina libadilishwe kwenye ofisi ya ardhi wakati mtoaji bado anapumua, vinginevyo ataacha kesi badala ya zawadi.

Kuna jambo ambalo wengi Kwale hawaambiwi. Sheria ya Urithi, sura ya 160, haigusi mafungu ya Waislamu, lakini sehemu yake ya usimamizi wa mali inawahusu pale isipopingana na sharia. Humo imo kwamba ardhi ya marehemu isiuzwe kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama. Imo pia kwamba penye fungu la mtoto mdogo la kutunzwa, asiachiwe msimamizi mmoja peke yake. Anayejichukulia mali ya marehemu bila idhini ametenda kosa la jinai, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shilingi 10,000! Kiwanja cha ufuoni kinauzwa kwa mamilioni. Wabunge wa Kwale wanaotafuta hoja ya kupeleka Nairobi wameipata hapa.

Na maimamu wetu, waliozoea kuhutubu juu ya mavazi ya vijana, wapange Ijumaa moja ya mirathi. Sura ya Nisaa inataja mali ya yatima mwanzoni kabisa, kabla haijafika kwenye mafungu. Wawaambie watu wazi kwamba wali wa hitima haupikwi kwa fungu la mtoto ambaye hajabaleghe, hata kama wageni ni wengi na heshima ya ukoo iko mashakani.

Kwa machifu tuna ombi moja. Barua yenu ndiyo mahakama huisoma kwanza ili kujua marehemu ameacha nani. Msiiandike kwa kusomewa majina na mtu mmoja aliyekuja ofisini na hati kwapani. Mwiteni mjane, waiteni mabinti walioolewa Ukunda na Vanga, ulizieni wajukuu waliofiwa na baba na watoto walioko kwa mama zao. Andikeni majina yote, kisha mwacheni kadhi aamue nani anapata nini.