Baiskeli ya kazini usiichague kwa macho

MTU anayenunua baiskeli ya kumpeleka kazini kila siku, kiangazi na masika, huwa amejinunulia dawa pia. Utafiti uliofanywa Copenhagen, nchini Denmark, na kuchapishwa mwaka wa 2000, uliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 kwa miaka mingi. Ulionyesha kuwa wasioenda kazini kwa baiskeli walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi kwa asilimia 39 kile cha wenzao walioendesha. Hapa petu, ambapo presha na ugonjwa wa sukari si maradhi ya matajiri pekee tena, hilo si jambo la kupuuzwa.

Lakini dawa isiyomezwa haiponyi. Baiskeli nyingi huishia kuegemezwa ukutani, mwenyewe akarudi kupanda bodaboda. Kwa maoni yangu, tatizo huanzia dukani.

Vijana huvutiwa na baiskeli ya resi: nyepesi, tairi jembamba kama kidole, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Kwenye lami kati ya Malindi na Gongoni hukimbia kwelikweli, na upepo wa kusi unapovuma usoni, anayeinama hupata nafuu. Sibishi. Lakini iingize kwenye mchanga wa Ngomeni uone. Tairi la milimita 23 au 25 huzama, na kwa kuwa sharti lijazwe upepo hadi liwe gumu kama ubao, kila shimo hupokewa na viganja na mgongo. Vidole vikianza kufa ganzi, jua mishipa ya fahamu ya kiganja inabanwa.

Ni katika bahari hii ya Ngomeni ambapo satelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa angani tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco. Mfanyakazi wa mashamba ya chumvi hahitaji makubwa kiasi hicho. Anahitaji tairi la milimita 40 au zaidi, usukani ulionyooka, madigadi ya kuzuia matope ya masika, na taa mbele na nyuma kwa ajili ya zamu za alfajiri. Ile Black Mamba ya wazee wetu ina karibu yote hayo, ingawa uzito wake wa kilo 20 hivi humchosha mtu mwembamba.

Kabla ya kulipa, simama ukiwa umeipanda, miguu yote chini. Kati ya mtaimbo wa juu na mwili wako pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kisha keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, magoti yataanza kuuma kwa mbele, na wengi hudhani ni uzee. Wanaume hunong'onezana kwamba baiskeli huondoa nguvu. Ukihisi ganzi kati ya mapaja, rekebisha kiti, kipunguze kuinuka kwa mbele au utafute kipana zaidi. Ganzi ikiendelea, mwone daktari badala ya kunong'ona. Akina mama wanaovaa leso au buibui watafute fremu isiyo na mtaimbo wa juu, yenye kifuniko cha mnyororo. Nguo ikinaswa humwangusha mtu kichwa mbele.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni chumvi. Katika hewa ya Ngomeni, kutu haingojei mvua. Waya wa breki huliwa ndani ya ala yake, mahali jicho halifiki, kisha hukatika siku unapouhitaji. Muuzaji atakwambia alumini haishiki kutu. Ni kweli, lakini inapogusana na chuma penye chumvi, nayo huliwa. Bomba la kiti hugandamana na fremu hadi fundi ashindwe kulitoa. Mwambie alipake grisi siku ile ile ya kununua. Mnyororo utiwe mafuta kila wiki, waya za breki zibadilishwe kabla ya masika hata kama zinaonekana nzima. Maji matamu yakiwa adimu, kitambaa kilicholoweshwa kidogo chatosha kupangusia. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie kabisa.

Waajiri nao wana sehemu yao. Kampuni inayowaajiri watu kando ya bahari haitafilisika kwa kuwajengea kibanda cha makuti cha kuwekea baiskeli, na pipa moja la maji matamu mlangoni.