Mto Unapita, Kabichi Zatoka Meru

Mtu wa Balambala, Kaunti ya Garissa, akitaka kabichi, anangoja lori. Kabichi imetoka Meru, ikashushwa Garissa mjini, ikapakiwa tena kuelekea Saka na Balambala kwa barabara ya vumbi. Ikifika, majani ya nje yamenyauka na kila aliyeishika njiani ameongeza bei yake. Mvua ikikata barabara, hata hiyo haifiki. Mama anarudi nyumbani na mchele, pasta, sukari na mafuta, kwa kuwa hivyo haviozi na mwenye duka anakopesha. Watoto wanashiba, lakini mboga hawaioni.

Na Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, unapita hapo hapo.

Tusiambiwe ardhi hii haizai. Mashamba ya ukingoni hutoa ndizi, maembe, tikiti na nyanya. Kinachomkwamisha mkulima ni kuyapandisha maji kutoka mtoni hadi shambani. Pampu yake ni ya dizeli. Dizeli lazima anunue leo, nyanya atauza miezi mitatu baadaye. Pesa zikimwishia mimea inapotoa maua, shamba linakauka huku maji anayaona. Basi analima kipande kidogo tu, na gharama ya dizeli inaishia kwenye bei ya nyanya, anayelipa ni mnunuzi.

Desemba 2019 kulifunguliwa Garissa kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50. Umeme huo unaingia gridi ya taifa. Vizuri. Sasa jua hilo hilo livute maji Balambala.

Kaunti inunue pampu za sola, izikopeshe vikundi vya wakulima, walipe baada ya mavuno. Fundi akae Balambala, si Garissa mjini, na spea ziwe karibu naye. Kilimo ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013, na Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Mbegu na majembe tumeshagawiwa vya kutosha. Kugawa mbegu bila maji ni kumpa mtu unga na sufuria ukamnyima kiberiti.

Tunajua majibu yatakayokuja. Sola ni ghali, watasema. Ni ghali siku ya kununua. Dizeli ni ghali kila wiki. Mafuriko yatazisomba? Tana ilifurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, na pampu kuwa za dizeli hakukuziokoa. Paneli zifungwe juu ya mkokoteni. Mto ukianza kujaa, punda avute kila kitu hadi mwinuko. Punda hatujapungukiwa.

Jambo moja ndilo zito kweli, nalo ni malka, njia za mifugo kufika mtoni. Mfugaji lazima afikishe ng'ombe na ngamia mtoni, na shamba linaloziba malka ni ugomvi unaosubiri ukame. Wazee wa pande zote mbili waketi, njia za mifugo ziwekwe alama, kisha pampu zifuate. Mpangilio huo usigeuzwe. Maziwa ya ngamia nayo ni chakula bora, na mfugaji asipate hasara ili mkulima apate nyanya.

Shule zinazopikia watoto mchele na maharagwe zinunue mboga za hapa, mkulima awe na mteja asiyeyumba.

Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na malori ya msaada yakaja. Yaliokoa watu, tunashukuru. Mto haukuhama wakati huo.

Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, watu wa Balambala waende na maswali haya: pampu ngapi, za vikundi gani, malka zipi zimewekewa alama, na fundi anaanza kazi lini?