Mashine Itembee, Mtoto Alale?

Juzi darasani tulijadili teknolojia na tiba. Mwenzangu mmoja akasema kwamba kumpa mtoto mchezo wa kompyuta wakati wa mazoezi ya viungo ni kumdekeza. "Punda haendi bila kigongo," akatukumbusha, na wengi wakacheka. Mimi sikucheka. Methali ni nzuri, lakini mtoto si punda.

Tuitazame kwanza mashine yenyewe. Lokomat ni roboti iliyotengenezwa na kampuni ya Hocoma ya Uswisi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa mfano, hufungwa mikanda inayobeba sehemu ya uzito wake, kisha husimamishwa juu ya mkanda unaozunguka chini ya nyayo. Miguu yake huvishwa fremu zenye mota kwenye nyonga na magoti. Mota zikianza, miguu inatembea. Inatembea hata kama mwenye miguu anatazama dari akiwaza chakula cha mchana.

Hapo ndipo penye tatizo. Ubongo hujifunza kutembea mtu anapojaribu mwenyewe, si anapoburutwa. Sisi ambao Kiswahili hatukukikuta nyumbani tunalijua hili. Tulikariri ngeli kwa pamoja, na hata aliyesinzia alifungua mdomo kama wenzake. Siku tulipolazimika kununua nyanya kwa Kiswahili ndipo ilijulikana nani alikuwa amejifunza.

Watafiti wa Zurich walilipima jambo hili. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, watoto waliokuwa ndani ya Lokomat walicheza mpira wa miguu katika uhalisia pepe, uwanja ukiwa kwenye skrini mbele yao. Vitambuzi vya mashine hupima nguvu anayotoa mtoto mwenyewe. Walipocheza, walijitahidi zaidi kuliko walipotembea bila mchezo. Walijitahidi zaidi pia mtaalamu alipowahimiza kwa maneno.

Najua mwenzangu atalidaka hilo: "Si unaona? Maneno yanatosha!" Hayatoshi. Mwambie mtoto "nyanyua goti" kwa nusu saa nzima, kesho tena, keshokutwa tena, uone kama neno hilo halitageuka kelele. Mtoto wa miaka saba hakuyachagua mazoezi haya. Faida yake ni ya miezi ijayo. Uchovu wake ni wa leo. Akilegea, sisi wenye miguu mizima tunamwita mvivu. Katika mchezo, malipo yako mbele ya macho: akikaza mguu, mpira unakwenda, akiulegeza, unabaki palepale. Huko si kudekezwa. Ni kudaiwa juhudi kwa lugha anayoielewa.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaoshangilia kila skrini. Picha zinazosonga bila kujali mtoto amejitahidi au amelala ni televisheni tu, na televisheni haimfundishi mtu kutembea. Mchezo unaofaa ni ule unaousikiliza mguu. Tena asiyependa mpira apewe mchezo mwingine, na aulizwe mwenyewe anataka upi. Wala pasitokee meneja wa hospitali akasema kwamba sasa mtaalamu hana kazi. Skrini haijui kwamba mtoto ameumia, ana hofu, au jana usiku hakulala. Mtu aliyesimama kando yake ndiye anayeyajua hayo.

Nami nimalizie kwa methali: penye nia pana njia. Mashine imeshaleta njia, lakini nia ya mtoto haifungwi kwa mikanda wala haisukumwi kwa mota. Kama mwenzangu anaijua namna nyingine ya kuipata nia hiyo bila kigongo, namsubiri kipindi kijacho.