Mtindi na Mishipa ya Damu

Yapo maneno yavumayo mitaani kwamba mwenye shinikizo la damu akinywa mtindi kila siku hana haja tena ya vidonge. Uvumi huo una chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari.

Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuja Tanzania kuwapima Wamasai. Watu hao waliishi kwa maziwa na nyama, lakini lehemu katika damu yao ilikuwa ndogo. Uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimasai, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha kuwa mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa yao. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, damu ikapata njia. Mwaka 1974 Mann alitoa habari nyingine: wanaume waliokunywa maziwa ya mgando kwa wingi waliongezeka uzito, na hata hivyo lehemu yao ilishuka!

Huenda sababu ni hii. Ini hutengeneza nyongo kutokana na lehemu. Nyongo ikifika utumboni hufanya kazi yake, kisha sehemu kubwa hufyonzwa tena na kurudi inikoni. Bakteria wa mtindi wanao uwezo wa kuivunja. Ikishavunjwa, nyingi hutoka na choo, na ini hulazimika kuchukua lehemu nyingine kutoka katika damu ili kutengeneza mpya.

Lakini waliopimwa na Mann walikuwa wachache, tena Mmasai wa siku zile alitembea kutwa nyuma ya ng'ombe, si kukaa ofisini au ndani ya basi. Majaribio yaliyofuata kwingineko yameonyesha faida ndogo, na si kwa kila mtu. Wala bakteria wa tumboni si marafiki wote. Mwaka 2011 watafiti wa Cleveland, Marekani, walieleza jinsi baadhi yao wanavyogeuza kirutubisho kilichomo katika kiini cha yai na nyama kuwa hewa, ambayo ini huibadilisha kuwa kitu kinachoharakisha kuziba kwa mishipa ya panya. Kwa hiyo chakula cha bakteria wema nacho kina uzito wake: maharage, kunde, mboga za majani, na ugali wa dona badala ya sembe.

Mwenye vidonge asiviache. Shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu, na wengi huligundua siku kiharusi kinapoingia nyumbani. Mtindi ni mboga ya mezani; apunguze na chumvi.

Sasa akina mama na akina baba wanaogandisha wenyewe. Maziwa mabichi yaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba, nayo kuganda peke yake si kinga ya kutegemewa. Yachemsheni kwanza. Yaacheni yapoe hadi kidole kivumilie uvuguvugu wake, ndipo mtie vijiko viwili vya mtindi wa jana. Mkivitia yangali moto, bakteria hufa wote. Funikeni chombo safi, mkiweke pasipo baridi hadi asubuhi. Na sukari ibaki koponi.