Msicheke Msiba wa Simbilisi

Julai iliyopita nilikuwa Njombe kwa mazoezi ya kufundisha. Kijana mmoja wa kidato cha pili hakuonekana darasani siku mbili. Aliporudi nikamuuliza kulikoni. "Madam, simbilisi wangu wamekufa. Wote saba." Ofisini walimu walicheka, eti msiba wa panya! Kusema kweli, na mimi nilicheka.

Kicheko kiliniisha jioni nilipopita kwao. Kumbe simbilisi wale ndio waliokuwa wanamnunulia madaftari na kalamu. Sisi tunasubiri bumu, yeye alikuwa anasubiri majike wazae, na mimba yao huchukua kama miezi miwili. Bumu lake lote lilikuwa limeisha ndani ya wiki moja.

"Baridi hii, mwanangu, tutafanyaje?" mama yake aliniambia. Ni kweli, usiku wa Julai kule joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna asubuhi unakuta sakitu kwenye majani. Ila nilipochungulia boksi lao jikoni niliona na mengine. Nyasi za kulalia zilikuwa zimelowa mkojo. Mchana wanyama walivuta moshi wa kuni, usiku moto ukizimika walibaki kwenye sakafu ya udongo yenye unyevu. Hapo nimonia haiko mbali.

Kumtunza simbilisi wakati wa kipupwe hakuhitaji pesa nyingi. Boksi liinuliwe kutoka sakafuni, likae mbali na upepo wa mlangoni na moshi wa mafigani. Nyasi kavu ziwe nyingi kiasi cha mnyama kujifukia, na zikilowa zibadilishwe. Wasitenganishwe, maana wakilala wamebanana wanapashana joto. Usiku gunia lifunike juu, lakini hewa ipite. Na chakula jamani: mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Sakitu ikiunguza nyasi za nje, wapewe mboga mbichi kama sukuma wiki kila siku. Majani ya viazi mviringo na ya parachichi, ambayo Njombe yamejaa kila upande, wasipewe kabisa. Ni sumu kwao.

Sasa linaloniuma ni hili. Wiki chache kabla nilikuwa nimefundisha vitamini na mfumo wa upumuaji. Nilichora mapafu ubaoni vizuri, andalio la somo likiwa safi, msimamizi akaridhika. Yule kijana alinakili kila kitu. Lakini sikuwahi kuuliza darasa lile nani anafuga nini nyumbani. Alikuwa na mapafu saba jikoni kwao, na somo langu halikuyafikia.

Utasema simbilisi hayumo kwenye mtaala. Sawa, ila mapafu yamo, vitamini zimo, na swali moja la dakika mbili mwanzoni mwa kipindi halivunji mtaala wowote. Mwalimu anayejua wanafunzi wake wanaishi na nini ana mifano ambayo kitabu hakina.

Kabla sijaondoka tulitengeneza boksi jipya na yule kijana, na jirani akamwazima majike mawili na dume moja aanze upya.

Mwaka huu wenzangu mnaenda mikoa ya baridi. Mwanafunzi akikwambia simbilisi wake wamekufa, mpe pole kwanza. Kisha muulize walikuwa wanalalia nini.