Imani, Tiba na Siku za Mtoto

Aghalabu huulizwa: je, mtoto aliye mahututi apelekwe kwenye maombi au hospitalini? Nionavyo mimi, swali hilo limekosewa. Lipasalo kuulizwa kwanza ni hili: mtoto huyo anazo siku ngapi?

Tuchukue mfano wa saratani ya Burkitt, inayojulikana sana miongoni mwa watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria. Mara nyingi huanza kwa uvimbe wa taya au wa tumbo. Chanzo chake kinahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964, pamoja na malaria ya mara kwa mara. Hukua kwa kasi kubwa kuliko karibu saratani zote za binadamu. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku tatu hivi.

Mwanafunzi na afanye hesabu. Tuseme mzazi wa Nansio ameshauriwa amalize kwanza mfungo wa siku 21, ndipo apande meli ya kwenda Mwanza. Siku 21 ni siku tatu mara saba. Kitu kimoja kikiongezeka maradufu mara saba, huwa 128. Hata kama kasi hiyo itapungua kadiri uvimbe unavyokua, hasara ni dhahiri. Ugonjwa huu ukiwahiwa husikia dawa upesi, na watoto wengi hupona. Ukishafika kwenye ubongo, tiba huwa ngumu zaidi.

Wako wasemao kwamba kukimbilia dawa ni upungufu wa imani. Hao na wamtazame Denis Burkitt mwenyewe, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Alikuwa Mkristo mcha Mungu. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili wamisionari, alisafiri kwa gari kilometa 16,000 hivi, akipita hospitali baada ya hospitali ili ajue ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupo. Sala zake hazikumzuia kupima wala kuhesabu. Vivyo hivyo, Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, ni mali ya Kanisa Katoliki. Waumini ndio wenye hospitali. Itakuwaje basi imani iwe sababu ya kuikwepa?

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wengine waliondoka hospitalini ili wakakinywe. Mtu mzima aliyefanya hivyo alijichagulia mwenyewe, hata kama alikosea. Mtoto hajichagulii, hubebwa. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha mzazi kumpatia mtoto matibabu, kama inavyomwajibisha kumpatia chakula na malazi.

Hata hivyo, si haki kumtwika mzazi lawama zote. Nauli ya meli, gharama za kukaa mjini na hofu ya hospitali kubwa ni mizigo ya kweli. Mara nyingi maombi huwa karibu, tena yana watu wanaomfariji mama kwa jina lake. Wauguzi na waganga wetu wanalo la kujifunza hapo.

Basi kiongozi wa dini asiombwe kuacha kuomba. Aombwe kuwa wa kwanza kusema, "Mpelekeni leo, nasi tutaomba mkiwa njiani," na kuwachangisha waumini nauli. Nawe mwalimu, hesabu ile ya siku 21 iandike ubaoni. Mwanafunzi akiielewa, huenda jioni hiyohiyo akamweleza mzazi mwenye mtoto aliyevimba taya. Siku tatu zilizookolewa ni nyingi kwa mtoto huyo.